Siku Radi Ilipopiga Redio ya Baba

Kalerwe, Kampala
Jumapili, 14 Aprili 2024

Kaka yangu mpendwa Huzaifa,

Amani ya Mungu iwe kwako, kwa wifi na kwa watoto. Natumaini mko wazima huko Gulu. Sisi hatujambo, ila Baba goti linamsumbua. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningelia kabla sijafika mwisho.

Mvua zimeanza. Alhamisi alasiri ilinguruma mpaka vikombe vikatikisika kabatini, nikakumbuka chumba chetu cha utotoni katika kambi ya kazini kwa Baba. Baba kwenye mkeka akisoma kwamba ametakasika Yule ambaye ngurumo humtukuza kwa sifa zake, na malaika pia kwa kumhofu. Mama, Mungu amrehemu, akifunika kioo kwa leso, rozari mkononi. Sisi chini ya kitanda, wewe umeniziba sikio moja, la pili naliziba mwenyewe. Baba alisema ngurumo ni ya malaika achungaye mawingu, na moyo unaoshtuka bado uko hai. Sijapata tena usingizi mtamu kama wa siku zile.

Najua wewe unakumbuka zaidi siku ile ya redio. Ulikuwa na miaka kumi na sita, umeanza kukwepa sala ya Ijumaa kwa ajili ya mpira. Baba alirudi kutoka zamu akakuta redio imeungua, ukuta mweusi, na waya wa antena haukuchomolewa kama alivyotuamuru kila mawingu yakitanda. Hakuuliza mtu. Alisema Mungu amesema nawe kwa radi, na wiki ileile akakupeleka kwa mjomba huko Gulu.

Sasa Alhamisi hii, mvua ikinyesha, Baba alivaa miwani akanisomea aya iliyo kabla ya ile ya ngurumo, kwamba Mungu hutuonyesha umeme kwa hofu na tumaini. Akasema yeye alitufundisha hofu tu, na kwamba alikuhukumu kwa jambo ambalo Mungu hakumwambia.

Hapo sikuweza tena kuficha. Kaka, aliyeunganisha ule waya ni mimi. Nilitaka kusikia kipindi cha salamu, nikapitiwa na usingizi. Ulipopanda basi nilinyamaza. Tulipomzika Mama, ukasimama mbali na Baba, nilinyamaza. Miaka ishirini na miwili.

Nilimwambia Baba yote. Mvua ilipokatika akasema, "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa na ndevu, na sikuuliza."

Hataki uitwe Kampala. Anasema aliyemfukuza mtu ndiye amfuate. Jumamosi ijayo tutapanda basi la Erinayo, jirani yetu, ambaye ndiye anakuletea barua hii. Ukikataa, mwambie yeye, nasi hatutakulaumu.

Ukikubali, mfungulie Baba kwanza. Mimi nitakaa nje mpaka uniite.

Wabusu watoto, uwaambie shangazi yao anawapenda, na umsalimie wifi.

Ni mimi, dada yako,
Rahmah Ayaa