Ukurasa wa Mwisho Bado Mtupu

Kaka yangu,

Sisi hatujambo, ila mashine ya fotokopi imetafuna karatasi tena, na kijarida chetu cha maajabu ya mtaa kimetoka kimepinda. Kinyozi kakiweka mezani kwa wateja. Fundi cherehani anakikunja ndani ya nguo za watu. Ajabu ya toleo hili, ule mlango wa ghorofani usio na ngazi, imechekesha wengi. Mwenye nyumba amenuna, shauri yake.

Juzi kinyozi kaniletea ajabu nyingine: "Yupo mama anang'arisha viatu vya mwanawe kila asubuhi, na mwana mwenyewe hajakanyaga hapa miaka." Hakunitazama usoni alipokuwa akisema.

Sharti ulilitunga wewe, kwamba hatuchapi tusichokiona kwa macho yetu. Basi nikajihimu, nikachungulia jikoni kwetu. Ni kweli. Mama alikuwa na brashi mkononi na viatu vyako mapajani, anapuliza vumbi ambalo halipo.

Ukurasa wa mwisho wa toleo lijalo nimeuacha mtupu. Sharti lako la pili unalijua: ajabu ikishakoma, haichapwi. Njoo uvivae.

Ni mimi, mdogo wako wa vidole vya wino.