Nani Baroni Kati Yetu?

Wexcombe, 3 Oktoba 1953

Mdogo wangu Lettice,

Najua tangu mazishi ya Baba hatusemezani, lakini mbwa wako uliyeniachia amezaa watoto sita, na matufaha yote yameozea mtini kwa mvua hii. Nikaona nikwambie.

Jana mwanasheria, Bwana Tapsell, alikuja kunieleza tena habari ya cheo cha Baba, ule ubaroni wa kurithiwa katika ukoo. Kichwa bado kinanizunguka. Anasema binti anaweza kukirithi, ila mabinti wakiwa wawili hakigawanyiki, wala hakimwendei mkubwa.

"Sasa baroni ni nani?" nikamuuliza.

"Hakuna, bibie. Nyote wawili mna haki sawa, ndiyo maana hakuna."

Mpishi wetu, Bi Gudgeon, alikuwa anamimina chai. Akadakia, "Makubwa haya! Wenye haki wawili, mwenye cheo hakuna! Na mlivyotoleana maneno pale kaburini, mpaka kasisi akafunga kitabu!"

Nikauliza cheo kitaning'inia hivyo mpaka lini. Bwana Tapsell akainamia kikombe chake.

"Mpaka mmoja wenu afariki bila kuacha mtoto."

Wewe unao watatu. Mimi, unajua, ninao mbwa.

Sijui kwa nini nilicheka. Bi Gudgeon hakucheka, maana ndiye aliyenisindikiza kwa daktari wiki iliyopita. Daktari ameniambia nisipange safari yoyote baada ya Krismasi.

Basi safari ni yako, Lettice. Njoo upesi, wakati bado hakuna baroni kati yetu.

Dada yako,
Hester