Leodegar Hana Wazimu, Alipungukiwa Chumvi

Sanduku la Posta 418,
Temeke, Dar es Salaam.
21 Septemba 1957

Mpendwa wifi yangu Auleria,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Na shikamoo ya mama mkwe mfikishie ukiwa umepiga magoti kwa niaba yangu. Habari za Bukoba? Watoto hawajambo? Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi ya huko? Sisi huku hatujambo sote. Hilo neno "sote" nimeliandika kwa makusudi, wifi, lisome tena. Sote!

Najua simu ya maandishi niliyoipeleka posta majuma mawili yaliyopita iliwaangusha. "Leodegar amerukwa na akili, njooni." Maneno matano, na tangu hapo naambiwa mama hali wala halali. Leo nayafuta yote matano. Kaka yako hana wazimu! Hakurogwa, wala hakulaaniwa na mtu. Alipungukiwa chumvi!

Usicheke, ngoja nikusimulie.

Unakumbuka nilikuandikia Julai kwamba homa ya mafua imeingia mjini. Ukanijibu kwa ukurasa mzima: akiugua mtu humo ndani niiweke mbali chumvi yangu, kwa sababu inakausha kifua, na mgonjwa anyweshwe maji mpaka homa itoke. Wewe na kaka yako mmeniita Mkono wa Chumvi tangu siku ya kwanza nilipopika ukweni, na hakuna chungu nilichowahi kuinjika huyu bwana asikilalamikie. Basi Leodegar alipoitoa homa shuleni, ikamshuka kifuani hadi akalazwa, nikasema nitawaonyesha kwamba mie nasikia. Nikaiondoa chumvi yote, sikubakiza hata punje.

Kila asubuhi nilimwachia jirani yangu Hamisa watoto, nikaenda hospitali na kikapu cha ndizi zilizopikwa chapwa na chupa nne za maji ya kuchemsha. Alasiri nikarudi na nne nyingine. Supu ya hospitali niliimwaga kwa siri, maana niliionja nikaikuta na chumvi. Leodegar hakuwa na nguvu za kubishana, akanywa tu.

Siku ya tano aliamka na kichwa kinamgonga, akatapika, kisha akasimama juu ya kitanda akaanza kuwafundisha wagonjwa hesabu za kugawanya. Mimi nilipomshika mkono akaniuliza, "Mama, samaki wako bei gani?" Daktari akampa penseli aandike jina lake. Wifi, yule mwalimu ambaye mwandiko wake umebandikwa ukutani shuleni ili watoto wauige, alichora mistari iliyopinda tu. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaninong'oneza kwamba watu wa namna hii hupakiwa treni kupelekwa Dodoma kwa wenye wazimu. Nikajiona mjane wa mtu aliye hai. Hapo ndipo nilipokimbilia posta.

Aliyetuokoa ni dresa mmoja, mfunga vidonda wa wodi ile, Nikodemu, Mmakonde mwenye utani mwingi. Kesho yake alikuja kuniondolea bakuli lililobaki, akachukua kipande cha ndizi akaonja. Uso ukamkunjika.

"Mama, humu chumvi imekwenda wapi?"

Nikamjibu kwa maringo kwamba mgonjwa wangu hajaionja chumvi kwa siku sita. Akazitazama zile chupa.

"Na maji haya yote anakunywa yeye?"

"Yote. Hata tone halibaki."

Akaondoka mbio bila kuaga, nami nikadhani nimemuudhi.

Kumbe kaenda kwa daktari. Damu ikatolewa, ikapimwa, na jibu likatoka siku ile ile. Daktari akaniita, Nikodemu akanitafsiria. Homa hii ikishika mapafu, mwili waweza kung'ang'ania maji badala ya kuyatoa, chumvi ya kwenye damu ikazimuliwa, na ubongo ukavimba, mtu akapayuka. Alisema wapo wagonjwa wengine pale waliopungukiwa vilevile, pasipo kosa la mtu yeyote. Huyu wangu nimemwongezea kwa chupa nane kwa siku. Nililia pale pale, wifi, kwa aibu na kwa furaha, maana ugonjwa wenye jina una dawa.

Dawa yenyewe ilianza kwa kunyimwa maji. Vikombe vitatu kwa siku, basi! Akatundikiwa maji ya chumvi yaingie mshipani kidogo kidogo, kwa sababu daktari alisema kuharakisha nako ni hatari. Chupa zangu Nikodemu alizitia kufuli kabatini, akawa ananikagua kikapu kila nikiingia.

Siku ya tatu nimekaa pembeni ya kitanda namenya chungwa, nikasikia sauti ile ninayoijua: "Genoveva, mbona umekonda?" Wifi! Nilipiga kigelegele hadi nesi Sesilia akanitoa nje ya wodi, na huko nje nikaendelea.

Sikupeleka simu ya pili kwa sababu niliogopa kushangilia mapema. Sasa yuko nyumbani tangu Jumatano, anatembea mwenyewe, na shule imemwekea nafasi yake. Shemeji Kamugisha, ambaye yuko njiani kuja kumchukua, atapokewa stesheni na mgonjwa mwenyewe. Mie nitajificha nyuma ya nguzo nimwone uso.

Sikulaumu hata kidogo. Wewe ulisema kwa kumpenda ndugu yako, mimi nikatii kwa kiburi, kosa ni letu sote wawili. Lakini kuanzia leo Mkono wa Chumvi una ushahidi wa daktari, na sitaki kusikia neno!

Nisalimie baba mdogo Adelard na shangazi Demetria, waambie novena yao imejibiwa. Mungu awalinde na homa hii, na mama ampe usingizi leo. Najua hataniamini mimi, kwa hiyo hapa chini nimemwachia mwanawe nafasi. Mwonyeshe mwandiko huo kabla hujamsomea.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Genoveva

Dada Auleria, shikamoo. Mwambie mama mkono huu ni wangu na akili ni zangu. Chakula cha Genoveva kimezidi chumvi. Nakila chote.
Leodegar