Nyumba Inayoinama Upande Usio na Mtu

Kwa mwanangu Somruedi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nyati wazima, na paa la jiko mmeshaliziba, maana niliondoka likivuja na sikusikia mtu akigonga hata msumari. Mimi sijambo. Magoti yananiuma, lakini hayo yalianza kabla hujazaliwa, usiyahesabu kuwa habari. Hali ya mwanao Fai usiniandikie. Najua bado hasemi na chakula anakisukuma. Ndicho kilichonileta huku.

Nikugombeze kwanza, ndipo tuendelee. Nyumba hii mliyoikodi sikukuu ya kumwagiana maji ni mianzi iliyofungwa kwa kamba, inaelea mtoni, sakafu ina nafasi za kupitisha mkono. Mtu mwenye akili timamu humleta hapa mtoto asiyejua kuogelea? Ati kupunga upepo! Upepo wa kijijini kwetu umeisha? Nimelala juu ya mianzi hii na mbavu zangu zote nazijua sasa moja moja.

Mwenye nyumba, Bunhom, ni mjane mnene, mdomo hauna kituo. Aliniuliza mzee kama mimi natafuta nini mtoni peke yangu. Nikamwambia nimekuja kuteka roho ya mjukuu wangu, iliyobaki majini siku alipoanguka. Hakucheka. Aliuliza tu kama nimekuja na wavu wangu au aniazime wake. Nikamjibu kwamba sijawahi kuteka roho ya mtu kwa wavu wa kuazima, na nikamwonyesha ule wa marehemu bibi yako, wenye mpini mrefu.

Tangu siku niliyofika nyumba hii sikuipenda. Huinama upande wa nyuma, upande wa mto, hata kama hakuna mtu aliyekaa huko. Nilihamisha mtungi wa maji na gunia la mchele nikaviweka mbele. Ikaendelea kuinama. Nilimwambia Bunhom mianzi ya nyuma imeoza, aibadilishe, asiwapunje wageni. Akasema ameshaibadilisha zaidi ya mara moja. Akasema pia kwamba kamba za kufungia nyumba akizilegeza jioni, asubuhi anazikuta zimekazwa, fundo zuri, na yeye hajui kufunga fundo la namna ile. Alisema hivyo huku akinitwangia papai bichi, kama anayezungumzia bei ya pilipili.

Asubuhi, ukungu ungali juu ya maji, nilikaa pale alipoangukia Fai. Niliweka wali wa kunata na yai la kuchemsha, nikalitia ndani ya wavu lile shati ulilonifungia, nikaanza kuteka na kuita: njoo, mwanangu, usikae majini, huko kuna baridi, njoo nyumbani ule. Mara ya kwanza wavu ulikuja mtupu. Mara ya pili ukawa mzito. Sisemi mzito wa maji, maji nayajua. Nilimwita Bunhom, tukavuta wawili, na yeye ana mikono kama mapaja yangu, wavu haukuja. Nyumba ikainama mpaka maji yakapanda kwenye mianzi na kutulowesha miguu. Kisha ukaachiliwa ghafla, tukaanguka chali kama watoto. Ndani mlikuwa na shati tu.

Nililikamua. Macho yangu hayaoni vizuri, lakini vidole vinaona. Chini ya kola vilikuta kiraka, na mshono wa kiraka kile ni wangu. Somruedi, nilikuomba shati la mtoto. Hukuniambia kwamba analolalia Fai ni shati la kaka yako Bunthiang, ulilolificha siku nilipochoma vitu vyake. Nguo huita roho ya mwenyewe wa kwanza. Hilo hata mtoto wa kijijini kwetu analijua, nawe unalijua. Nilikaa pale nikimwita mtu mwingine.

Miaka yote hii tumesema Bunthiang yuko mjini, ameneemeka, ametusahau. Nilimuuliza Bunhom kama amewahi kumwona kijana aliyekatwa kidole cha kati na mashine ya miwa. Akakaa chini kwenye mianzi. Kisha akasema alikuwepo, wakimwita Mrefu, alikuwa mfunga kamba wao. Mwaka wa mafuriko kamba zilikatika usiku nyumba ikiwa na wageni, naye akaingia majini akaisukuma kwa nyuma mpaka ikagusa ukingo. Wageni wakashuka. Yeye hakuonekana tena. Walimtafuta, na watawa wakasoma sala, lakini hakuna aliyejua kwao. Wakimuuliza, alikuwa akicheka na kusema, “Mama yangu mkali nyie, siwezi kurudi mikono mitupu.”

Wewe uliniambia neno la mwisho la Fai, kabla hajanyamaza, lilikuwa kwamba mjomba alimsukuma juu. Ukadhani anamsema mfanyakazi. Bunhom hana mfanyakazi mwanamume.

Usitarajie nilie kwenye karatasi.

Bunhom alikuwa ameiweka kandambili moja ya Fai iliyobaki siku ile. Nikaitia ndani ya wavu. Safari hii nilimsemesha mwanangu kama ninavyomsemesha siku zote. Nikamwambia: wee Bunthiang, umemwokoa mtoto, vizuri, sasa mbona umeibakiza roho yake? Kukaa peke yako kumekuchosha? Mwachie. Ukitaka mtu wa kukaa naye, mama yako nimefika. Nikateka. Wavu ulikuja mwepesi, na juu ya kandambili alikaa buibui mdogo, mkavu, hana hata tone la maji. Ndiyo roho ya Fai hiyo.

Nimemfunga pamoja na yai na wali katika kitambaa cheupe. Anayekuletea ni Bunhom, na nimemwapisha asikiweke chini njiani. Akifika chini ya ngazi atauliza, “Fai amerudi?” Jibuni nyote kwa sauti, “Amerudi!” Usimung'unye maneno kama kawaida yako. Mfungeni mtoto uzi mkononi, roho isitoke tena, na ale yai lile lote.

Mimi sirudi. Roho ya aliye hai ina mwili wa kurudia, ya Bunthiang haina, na mimi nilishatoa ahadi mbele ya maji. Usije kunichukua, na Fai usimlete huku kamwe. Shati nimebaki nalo. Ninapokuandikia nimekaa mbele, upande wa ukingo, na kule nyuma hakuna mtu. Nyumba imekaa sawa, hata chai haiyumbi kikombeni.

Wasalimie majirani, hata yule aliyeazima kinu changu akakipasua. Mbusu Fai kwenye utosi kwa niaba ya watu wawili.

Mama yako mzazi,
Khamphaeng