Divai ya Atieno kwenye Friza

Jumamosi

Sijamwambia mtu yeyote. Asubuhi nilimwona Mama akiweka chupa ya divai ya Atieno kwenye friza, kando ya samaki, kama anavyofanya na soda za wageni. Nilishasoma kwamba divai nyekundu haigandishwi. Nikanyamaza.

Ni wivu. Binamu yangu Atieno ametoka Ufaransa, alikovuna zabibu kwenye shamba dogo la familia moja, na tangu jana Baba anamsikiliza yeye tu. Mimi hajawahi kuniuliza kitu kuhusu vitabu vyangu.

Wageni walipofika mchana, chupa ilitoka imeganda nusu. Baba akacheka mbele ya wageni: "Mama Otieno, umetutengenezea barafu ya watoto!" Mama akainama. Nilitaka Atieno aaibike, si yeye.

Atieno alimimina divai kwenye glasi, akaipasha joto kwa viganja, akampa Mama aonje kwanza.

"Kumbe ina ladha ya zambarau," Mama akasema, akatabasamu. Hapo wivu ukanizidi. Kumtetea ilikuwa kazi yangu.

Nimeacha kalamu kidogo, nikaenda jikoni, nikamwambia Mama kwamba nilijua divai haigandishwi. Alinitazama, akanipa kitambaa. "Haya, panguza glasi." Nikanusa ya Atieno, nikazipanguza zote.