Sauti ya Tonton Nimeifunga Mwenyewe

Alhamisi, mchana. Mvua imenyesha tangu asubuhi, mtaa wetu wote wa Makiso ni tope na wateja hawaji. Afadhali. Leo sina uso wa kumwonyesha mtu.

Tonton Lobela amefariki wiki hii. Ni kaka mkubwa wa mama yangu, mvuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto, na ndiye pekee aliyejua vizuri kila nyumba ya ukoo wao inasimamisha wapi miti ya mitego. Wanawe na wana wa mdogo wake wanavutana kuhusu sehemu hizo tangu mimi niko mdogo. Kesho, ukoo mzima ukiwa matangani, wananingoja mimi nifungue sauti yake, waisikie, ugomvi uishe.

Sitaweza kuifungua.

Bon, niandike yote tangu mwanzo.

Miezi michache iliyopita, presha ya damu ilipoanza kumpanda, Tonton aliniita. Alitaka kusema mipaka ya majini mara moja tu, kisha maneno yakae mpaka siku ya matanga yake. Alinichagua mimi kwa sababu baba yangu ni mkulima wa Bengamisa. Sina mti hata mmoja kwenye maji yale, donc sina upande. Nyumbani kwao simu ya mtu mmoja ni simu ya parcelle nzima, ya wote wa uani, na alijua kabisa kwamba sauti yake ingemfikia kila mpwa kabla jua halijatua. Akaniuliza kama mashine yangu inaweza kufunga sauti, asiisikie mtu.

Nikajibu inaweza. Wapi! Ndiyo kwanza nilikuwa naanza.

Kazi yangu ni kuchapa kazi za wanafunzi na kutengeneza kompyuta. Kuandika programu najifunza mwenyewe, kwenye simu. Nilikuwa nimepata maktaba moja ya usimbaji fiche, yaani kodi, maandishi ya kuiamuru kompyuta, ambazo watu wamekwisha kuziandika za kufunga mafaili kwa ufunguo wa siri, na wameziacha bure, wazi, kila mtu azisome na azitumie. Maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuruka ruka. Nilinakili mfano wa kwanza kama ulivyo: tengeneza ufunguo, funga, fungua. Nikafunga salamu fupi, nikaifungua, ikarudi nzima. Nilijiona fundi kweli kweli.

Sikuelewa kwamba ilirudi kwa sababu ufunguo ulikuwa bado uko ndani ya programu ileile. Programu ikimaliza kazi, ufunguo nao unapotea, isipokuwa wewe mwenyewe umeuhifadhi mahali. Mfano haukuuhifadhi popote, kwa kuwa ulikuwa mfano tu. Onyo la kuuhifadhi lilikuwepo, mistari michache chini. Nililiona, nikaliruka, nikiwa na haraka ya kufika kwenye kodi.

Siku ya kurekodi, Tonton alinifanya nibonyeze simu halafu nitoke, niende nikae mtoni, maana hayo hayakuwa maneno ya mtoto wa dada. Niliporudi nikaihamishia sauti kwenye mashine, nikaifunga mbele yake, kwa programu yangu. Akavaa miwani, akasogeza kiti.

"Sasa futa ile ya wazi. Niko naangalia."

Nikafuta kwenye simu.

"Na kwa mashine."

Nikafuta kwenye mashine. Akaridhika, akanishika kichwa na kuniombea. Mimi nilikwenda nyumbani na furaha yangu, na faili ambalo hakuna mtu duniani anayeweza kulifungua.

Ningejaribu kulifungua siku ileile, ningejua, na yeye angesema tena. Lakini alikuwa ameniambia nisiguse yeye akiwa hai, na neno la mjomba kwetu halijaribiwi. Faili nimelijaribu juzi, niliposikia vilio. Mashine ikajibu kwamba ufunguo si wa faili lile. Nikatengeneza mwingine, na mwingine, nikiwa kama mtu anayebadilisha funguo za baiskeli kwenye mlango wa nyumba.

Nimetafuta mafaili yaliyofutwa. Simu ile nimeijaza nyimbo na picha tangu wakati ule, hakuna kilichobaki. Nimewaandikia watu wa ile maktaba kwenye jukwaa lao. Mmoja alinijibu kwa upole sana, akanipa pole ya msiba, akasema njia nyingine haipo, kwa sababu imetengenezwa isiwepo. Nimesoma jibu lake mpaka nimelishika kwa kichwa. Hana kosa. Kitu chenyewe kimefanya kazi yake vizuri kuliko mimi.

Sasa wataniamini vipi? Upande mmoja utasema nimenunuliwa na upande wa pili, na wa pili utasema hivyohivyo. Nikisema sikusikia neno hata moja, watauliza basi nilikuwa nafanya nini siku nzima kwa Tonton. Na mwaka huu maji yakishuka, wakati wa kusimamisha miti, vijana watavamiana mle kwenye mawe huku kila mmoja akisema hapa ni pa baba yangu. Pale mtu akisukumwa, mto unamchukua. Hilo linanitisha kuliko matusi yao.

Saa sita Tantine Régine, mjane wake, alinipigia kwa simu ya jirani. Sauti imemkauka.

"Mutoto yangu, ile sauti ya tonton yako iko?"

"Iko, Tantine."

Sikusema uongo. Faili liko, hapa mbele yangu, zito vilevile.

"Mambo ya miti, wanaume watajua wenyewe," akasema. "Miye nataka tu nisikie vile anakohoaka mbele ya kusema."

Nikamwambia ndiyo, Tantine. Simu ikakatika, nikalia palepale kwenye meza ya kazi, mlango ukiwa wazi.

Kesho nitatangulia, kabla viti havijapangwa, nimwambie yeye kwanza, tukiwa wawili. Wengine watanitukana, na matusi nitayavumilia. Yeye hatanitukana. Atanipa maji ya kunywa kama anavyonipa siku zote, na mimi nitayapokea kwa mkono gani?