Salamu ya Upande wa Kulia

Mjukuu wangu Mwanaesha,

Salamu zangu zikufike huko Uholanzi, wewe na mumeo na mtoto. Sisi Mombasa tu wazima, ila goti langu, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniambia wewe na dada yako mnakaa jengo moja na hamsemezani. Aliyekosa ni yeye, wauliza, kwa nini uanze wewe?

Tulipotoka kisiwani kwetu Chovae tukakaa kambi ya wakimbizi, nilianika ng'onda, papa wetu mkavu, kwenye kamba ya nguo ya jirani yangu Mama Neema, Mkristo wa bara. Gauni lake la kanisani likanuka papa. Aliniuliza kwa upole, nami nikamtukana. Miezi miwili hatukuamkiana.

Jumapili moja akaja mbio, amevaa gauni lile lile.

"Mama Fatuma, kuku wangu wa sadaka nimemwacha mlangoni mwa kanisa. Sisi tumefundishwa sadaka ingoje, kwanza nipatane nawe. Nisamehe."

Mimi ndiye niliyemkosea, naye ndiye aliyekuja! Nilishindwa kumtazama.

"Nisamehe mimi, dada yangu," nikamwambia. Akanishika mkono, akarudi mbio kwa kuku wake.

Adhuhuri nikaswali. Mwisho wa swala nikageuza uso kulia kutoa salamu, na kulia ndiko kwake. Miezi miwili, mara tano kwa siku, nilikuwa nikisalimu kuelekea mlango wa mtu nisiyemwamkia.

Sikwambii ufanye nini. Lakini ukiswali leo, ukifika kwenye salamu, angalia mlango wa dada yako uko upande gani.

Bibi yako akupendaye,
Mama Fatuma